Vifaranga wamegoma kutoka? Pasua mayai kwanza, mashine utailaumu baadae

Simu za watu wa mashine za kutotolesha zinafanana mpaka nishazizoea. "Kaka shikamoo." Marahaba. "Kaka nimeweka mayai 56 nimepata vifaranga 11, hii mashine nimepigwa ee?" Na mi nauliza, yale 45 yaliyobaki umeyapasua? Kimya kidogo, afu "aah nishayatupa kaka, yalikuwa yanataka kunuka". Haya, hapo tunabaki kubahatisha mi na wewe, maana majibu yote yalikuwa mle ndani ya mayai na sahivi yako jalalani.

Mi mwenyewe nafuga huku Chanika, kuku wa kienyeji wenye damu ya kuchi (ile aina ya kuku warefu) na machotara kidogo, nina mashine ya Kichina ya mayai 56 na mitetea saba wanaoatamia wenyewe, na raundi yangu ya kwanza nilipata vifaranga 9 nikalala na hasira kabisa. Kilichonitoa hapo ni mama mmoja jirani, kuku kaanza kufuga kabla mi sijazaliwa, alinikuta nataka kutupa ndoo ya mayai akaniambia "mwanangu, yai viza nalo linasema, we hulisikilizi tu". Akayapasua moja moja pale uani, mi nimeziba pua.

Basi fanya hivi. Siku ya 22 wakishatoka wa kutoka, chukua yaliyobaki nenda nje, vaa mfuko wa plastiki mkononi, pasua taratibu kuanzia ule upande butu (ndo wenye chumba cha hewa) na uweke mafungu manne: yasiyo na kitu kabisa, yenye damu au kifaranga kilichoanza tu, kidogo kama mdudu, yenye kifaranga nusu, na yenye kifaranga kamili kabisa mwenye manyoya kafia ndani. Hesabu kila fungu. Fungu kubwa ndo ugonjwa wako, mengine ni ya kawaida tu, hakuna mtu anayetoa mia kwa mia.

FUNGU LA KWANZA: halina kitu, yani ni kama yai la chipsi

Hapa mashine haihusiki hata kidogo, hili ni tatizo la jogoo au la ulikonunua mayai. Kuna watu wananunua trei dukani wanaweka kwenye mashine, ndugu yangu yale ni ya kuku wa mayai ambao hawajawahi kuona jogoo maisha yao yote, utasubiri mpaka kiama.

Kama jogoo unae, angalia idadi. Jogoo mmoja na mitetea 8 mpaka 10, hapo yuko vizuri, ukimpa 20 anachagua anaowapenda na wengine wanataga mayai matupu. Na majogoo wawili kwenye banda dogo nao ni shida, wanashinda wanapigana, huyu akipanda yule anamvuta, mwisho wa siku hakuna kazi iliyofanyika. Mwangalie na miguu, jogoo mwenye magamba yaliyotutumka miguuni au kidonda chini ya wayo hapandi vizuri, na jogoo mzee aliyenenepa hivohivo. Afu Januari na Februari joto la Dar linawachosha hata majogoo wazima, utawaona wamepanua mdomo kivulini mchana kutwa, kwaiyo mayai ya miezi hiyo usiyategemee sana kama ya Julai.

Umenunua jogoo mpya? Subiri kama wiki mbili kabla hujakusanya mayai ya kutotolesha. Mbegu za jogoo zinakaa ndani ya mtetea zaidi ya wiki, wakati mwingine mpaka mbili na zaidi. Jamaa yangu alinunua kuchi mrefu kwa hela ya maana, akamchinja jogoo wake wa zamani siku hiyohiyo, kesho yake akaanza kuweka mayai. Vifaranga wakatoka na vishingo vitupu kama yule jogoo marehemu. Akadhani kaibiwa.

Ukitaka uhakika bila kusubiri siku 21, vunja mayai mawili matatu mabichi ya kuku wako unayotaka kula, angalia kile kidoti cheupe juu ya kiini. Kikiwa na duara kama pete, lina mbegu. Kikiwa kidoti kidogo tu kimejaa bila pete, halina.

FUNGU LA PILI: pete ya damu

Hii unaiona hata kabla, ukimulika kwa tochi ya simu usiku siku ya 7. Yai zima linaonyesha mishipa kama buibui na kidoti kinachochezacheza, lililokufa lina duara la damu limejibandika kwenye ganda au mstari tu. Kwa Dar hili fungu ndo linaloua wengi na wengi hawajui, kwasababu kosa linafanyika mayai yakiwa bado jikoni.

Iko hivi. Yai likishatagwa lile jimbegu ndani linasimama kukua likipoa. Ila lisipopoa vya kutosha linaendelea kukua polepole, na mpaka huo uko kwenye nyuzi ishirini na kitu hivi. Sasa chumba chako Mbagala au Tabata kina nyuzi 30 mchana, hata usiku ni 26, kwaiyo yai halijalala kabisa, linakua kidogo linasimama linakua tena, siku ya kumi unaliweka kwenye mashine lishachoka, siku mbili tatu linakufa. Vitabu vinasema yai la kutotolesha likae siku 7 kwenye nyuzi 15 mpaka 18. Hizo nyuzi 15 Dar unazitoa wapi? Friji la kawaida lenyewe liko 4 au 5, hiyo ni baridi kupita kiasi, na ukilitoa linatoa jasho, na jasho ndo linalopitisha uchafu ndani ya ganda.

Mi nimeacha ubishi, sikusanyi zaidi ya siku nne. Naweka ndani ya chungu, chungu kwenye beseni la mchanga uliolowana, chumba chenye kivuli, ncha nyembamba inaangalia chini. Mashine isipojaa naiwasha hivohivo. Bora mayai 30 mapya kuliko 56 ambayo nusu yako na wiki mbili.

Na kama umeagiza mayai Singida au Dodoma yakaja kwa basi, afu bodaboda akayamalizia kwenye mashimo ya mtaani kwenu, yapumzishe kwanza usiku mzima upande butu ukiwa juu, ndo uwashe. Ukiyamulika ukaona kile chumba cha hewa kinatembea kama povu kwenye soda, hayo hesabu hasara mapema.

Sababu nyingine ya pete za damu ni joto la kuanzia, siku tatu za kwanza. Hapa tuongelee kipimajoto maana ndo uongo mkubwa wa hizi mashine. Kile kioo kinakuandikia 37.8 we unaamini, kumbe ile sensa (kidude kinachopima joto) iko juu karibu na feni na mayai yako chini yanapata 36.5 au yanapata 39. Nenda famasi nunua kipimajoto cha homa, cha binadamu, kilaze usawa wa mayai dakika kumi ulinganishe. Mashine yenye feni inatakiwa isome 37.5 kwenye mayai. Isiyo na feni, juu ya mayai iwe 38.3 mpaka 38.8, maana chini yake kuna ubaridi. Yangu ilikuwa inadanganya nyuzi moja kasoro na ndo iliyonipa wale 9.

FUNGU LA TATU: kifaranga nusu

Hili mara nyingi ni dogo, likiwa kubwa angalia chakula cha wazazi. Kuku anaekula pumba na mabaki ya ugali anataga vizuri tu, mayai ya kula yako poa, ila mle ndani vitamini hazitoshi kujenga mtoto. Ukikuta vifaranga waliokufa wana manyoya yamejisokota kama mafundo, au wachache waliotoka wana vidole vilivyokunjika kwa ndani, hiyo ni vitamini B2 imepungua. Wape mitetea majani mabichi kila siku, mchicha, majani ya lusina, hata zile takataka za mchicha sokoni wanazotupa, na vitamini ya maji ya duka la mifugo wiki mbili kabla hujaanza kukusanya. Wenye machotara wa ndani muda wote wanunue chakula cha kuku wazazi, cha layer (kuku wa mayai ya kula) peke yake hakitoshi.

Kama yananuka na yamekuwa meusi ndani, ni uchafu. Yai lenye kinyesi usilioshe kwa maji ya baridi, maji yanasukuma bakteria ndani. Lisugue kavu au ulile tu, na ubadilishe maranda kwenye viota. Yai likianza kutoa povu au jasho la kahawia ndani ya mashine litoe haraka na kwa adabu, mi limewahi kupasukia mkononi na nguo ile niliichoma.

FUNGU LA NNE: kifaranga kamili, kafia mlangoni

Hili linauma kuliko yote, siku 21 za umeme na LUKU, afu unapasua unamkuta mtoto kakamilika mpaka kucha. Hapa angalia kalowana au kakauka.

Kalowana, kavimba shingo, maji yanadondoka ukipasua: unyevu ulikuwa mwingi. Na hapa nina ugomvi na zile karatasi za maelekezo zinazokuja na mashine, zenye Kiswahili cha ajabu, zinazokuambia jaza maji mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza. Aliyeandika yuko huko kwenye nchi yenye hewa kavu. Dar hewa yenyewe ni supu. Piga hesabu, hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu asilimia 78, ukiipasha ikafika 37.5 unyevu wake unashuka mpaka kama 48, bila kuweka hata tone. Na inayotakiwa siku 18 za kwanza ni 50 mpaka 55, yani unabakiza kidogo tu. We ukijaza mifereji miwili unafika 70 na kitu, yai linashindwa kupunguza maji, chumba cha hewa kinabaki kidogo, siku ya kutoboa mtoto anazama kwenye maji yake mwenyewe. Miezi ya Novemba mpaka Mei mi mfereji mmoja nauweka maji nusu, siku nyingine naacha mkavu kabisa. Juni mpaka Agosti upepo ukiwa mkavu ndo najaza mmoja wote. Siku ya 18 ndo najaza yote ifike 65 mpaka 70, na hapo nafunga mfuniko, sifungui tena.

Hauna kipima unyevu au hukiamini? Pima uzito. Yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake mpaka siku ya 18. Weka mayai kumi kwenye mzani wa jikoni siku ya kwanza, mathalani gramu 420 kwa ya kienyeji, siku ya 18 yasome kama 367. Yakisoma 390 umeyanywesha maji sana, yakisoma 345 umeyakausha. Huo mzani ndo umenisaidia kuliko kifaa chochote.

Kakauka, ngozi ya ndani imemganda kama karatasi ya gundi, katoboa tundu dogo akashindwa kuzunguka: hapo unyevu ulikuwa mdogo au, na hii ndo mara nyingi, ulifunguafungua mfuniko siku ya 20 ili uwaonyeshe watoto na majirani. Kila ukifungua, unyevu unatoka wote kwa sekunde. Kifaranga akishatoboa anaweza kukaa hata saa 24 kabla hajatoka, anamalizia kunyonya kiini na damu ya kwenye ganda, sio kwamba kakwama. Ukimsaidia mapema anavuja damu anakufa mkononi mwako. Baada ya saa 24 bila mabadiliko hapo sawa, bandua kidogo upande butu, ukiona damu acha.

Katoboa upande mwembamba, ujue mayai yaliwekwa upande butu ukiwa chini au hayakugeuzwa. Mashine inageuza yenyewe ila lile jino la mota linavunjikaga, weka alama ya penseli juu ya yai uhakikishe kweli inageuka. Wanaogeuza kwa mkono wafanye mara tatu au tano kwa siku, hesabu isiyogawanyika kwa mbili ili yai lisilale usiku upande uleule kila siku, na waache siku ya 18.

UMEME NA BATI

Sasa hii lazima niiseme kwa kirefu kidogo. Umeme ukikatika watu wote tunakimbilia blanketi. Nilikatikiwa siku ya 5, saa sita nzima, nikafunika na khanga mbili na chupa za maji ya moto pembeni, mayai yakatoka karibu yote. Nikajiona fundi. Raundi iliyofuata ukakatika usiku siku ya 19, nikafunika blanketi zito nikaziba na vile vitundu vya hewa ili joto lisitoke, asubuhi vifaranga 31 wamekufa ndani ya mayai. Hawakufa kwa baridi, wamekosa pumzi. Yai la siku ya 5 halipumui kitu cha maana, la siku ya 19 ni mtu mzima anahema na anatoa joto lake mwenyewe, ukimfunika unamnyonga. Kwaiyo wiki ya kwanza funika, wiki ya mwisho funika kiasi na matundu yabaki wazi, hata mashine ikipoa mpaka 32 kwa saa chache hawafi wote, wanachelewa tu.

Joto linaua haraka kuliko baridi. Na hapa ndo nyumba zetu za bati bila dari zinapotuumiza. Mashine inajua kupasha, haijui kupoza. Chumba kikifika 36 saa nane mchana na mle ndani kuna mayai 56 ya wiki ya tatu yanayotoa joto lao, taa inazimika lakini joto linaendelea kupanda 39, 40, na hapo saa chache tu yamekwisha. Dalili yake ni vifaranga kuanza kutoka siku ya 19, wadogo, wana vitovu vyekundu ambavyo havijafunga. Wakichelewa mpaka siku ya 22 au 23 na wamelegea, ni kinyume chake, joto dogo au mayai ya zamani. Hamishia mashine chumba chenye dari, sakafuni, mbali na dirisha la magharibi.

KAMA UNATUMIA KUKU MWENYEWE

Mtetea hana shida za sensa, ila ana zake. Akisusa kiota siku ya 10, usimtukane, muinue umuangalie chini ya mbawa na ndani ya nyasi. Utitiri. Wanamnyonya usiku mpaka anaona bora aache. Choma nyasi zote, weka mpya na majani ya tumbaku au mwarobaini chini, na majivu pembeni ajigaragaze. Mayai 10 mpaka 13 yanamtosha, ukimuwekea 18 yale ya pembeni yanapoa kwa zamu na unaharibu yote. Na muweke peke yake, wakiwa wengi banda moja wenzie wanamtagia mle mle, siku ya 21 watano wakitoka anaondoka nao, yale mengine ya siku ya 19 au 20 yanabaki yakilia ndani. Yaani kabisa unasikia sauti.

Wakishatoka, wanaweza kukaa siku mbili bila kula kwasababu ya kile kiini, waache wakauke. Wakitanua miguu kama wanataka kuogelea, umewaweka kwenye gazeti au plastiki inayoteleza, tandika kitambaa kikavu au maranda. Bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) wiki ya kwanza iwe nyuzi 32 mpaka 35, wakilundikana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi umewachoma. Mkaa kwenye chungu ni sawa ila dirisha liwe wazi, moshi usioonekana umeshaua bruda nzima za watu. Chanjo ya kideri ile ya tone jichoni usiruke, ya I-2 inatengenezwa hapo Kibaha na inavumilia joto letu, inarudiwa kila miezi mitatu.

Na ukiona vifaranga wanapungua mmoja mmoja mchana, hakuna mzoga, hakuna manyoya, usianze kumuangalia vibaya mtoto wa jirani. Angalia juu ya mwembe. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu wanakaa wawili, mmoja anamchokoza mama mbele, akimfukuza huyo mwingine anashuka nyuma. Nilinunua nyavu chakavu kwa wavuvi kule Feri nikazitandaza juu ya uwanja wote mpaka ukutani. Bado wanakuja kila asubuhi, wanakaa ukutani wananitazama.